Joto likipanda mlimani: mwongozo kamili wa kupima kazi ya vijidudu vya udongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro

Ukitaja joto na Kilimanjaro, wengi hufikiria barafu ya Kibo, na hawakosei: kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ile lilipungua kwa takriban asilimia 85. Lakini mkulima wa Kilema au Machame halimi barafu. Kinachomlisha ni udongo wa kihamba chake (shamba la nyumbani la Wachaga, lenye migomba na kahawa), na kwenye kijiko kimoja cha udongo huo kuna bakteria wanaofikia mabilioni, pamoja na nyuzi za kuvu zisizoonekana kwa macho. Hao ndio wanaoozesha majani ya migomba, wanaoachia naitrojeni inayonyonywa na kahawa, na wanaopumua hewa ya ukaa kurudi angani. Udongo wa dunia nzima umehifadhi kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea yote ikijumlishwa, kwa hiyo kasi ya viumbe hawa inatuhusu sote.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwalimu wa sekondari, mwanachuo, afisa ugani, au mkulima mwenye hamu ya kujua. Kwa vifaa vichache unaweza kupima jinsi joto linavyobadilisha kazi ya vijidudu, kwa sababu mlima wenyewe ni maabara. Kwa kila mita 100 unazoshuka, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 0.6. Ukitoka mita 1,700 ukashuka hadi mita 1,000, umeingia kwenye udongo wenye joto zaidi kwa nyuzi kama 4, na safari hiyo ni ya daladala moja.

Yafahamu haya kabla ya kushika jembe

Vijidudu hula kwa kutumia vimeng'enya, na vimeng'enya huenda kasi joto likipanda. Kwa kawaida joto likiongezeka nyuzi 10, upumuaji wa udongo huwa karibu mara mbili. Wataalamu huita uwiano huu Q10, na hapo chini utaupima mwenyewe.

Joto peke yake halitoshi kueleza kinachotokea. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200. Chini ya hapo kuna joto lakini maji ni haba, na juu kabisa kuna baridi. Watafiti waliofukia vifuko vya chai mlimani hapa walikuta uozaji una kasi kubwa katikati ya mlima, pale joto na unyevu vinapokutana. Ndiyo maana ongezeko lilelile la joto linaweza kuleta matokeo yanayopingana: kwenye udongo wenye maji na baridi linaharakisha uozaji, na kwenye udongo uliokwisha kukauka linazidi kukausha na kuvifanya vijidudu vilale.

Kulala huko kuna mwisho wake. Mwaka 1958, H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa hewa ya ukaa na naitrojeni kwa kishindo. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake duniani kote. Ndilo linalotokea mvua za kwanza za masika zinapoangukia shamba lililokauka tangu Januari, na kama mimea bado haina mizizi ya kuidaka naitrojeni hiyo, sehemu yake huoshwa na mvua zinazofuata.

Majaribio makubwa ya kupasha udongo joto yamefanyika kwingine. Katika msitu wa Harvard, Marekani, tangu 1991 udongo umepashwa nyuzi 5 kwa nyaya zilizofukiwa. Baada ya miaka 26, sentimita 60 za juu zilikuwa zimepoteza asilimia 17 ya kaboni, na hasara hiyo haikwenda sawasawa. Kuna miaka ilipanda, ikatulia kwa muda mrefu, kisha ikapanda tena, huku jamii ya vijidudu ikibadilika. Huko Panama, kisiwani Barro Colorado, udongo wa msitu wa kitropiki ulipashwa nyuzi 4, na ndani ya miaka miwili hewa ya ukaa iliyotoka iliongezeka kwa asilimia 55. Jaribio lililo karibu zaidi na mazingira yetu ni la milima ya Andes nchini Peru. Watafiti walihamisha udongo kwenye mteremko wenye tofauti ya mwinuko ya mita 3,000. Baada ya miaka mitano, udongo ulioshushwa kwenye joto ulikuwa umepoteza karibu asilimia 4 ya kaboni kwa kila nyuzi moja iliyoongezeka.

Udongo wa Kilimanjaro una jambo lake. Sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano, na madini yake yenye alumini na chuma hushikilia mboji kwa nguvu, hivyo vijidudu haviifikii kirahisi. Usichukue takwimu za Peru ukazibandika Marangu. Hiyo ndiyo sababu ya kupima hapa hapa.

Hatua ya 1: Chagua vituo, omba ruhusa

Chagua vituo vinne kwenye mteremko mmoja, kwa mfano kando ya barabara ya Himo kwenda Marangu: mita 1,000, 1,200, 1,450 na 1,700. Simu yenye GPS itakupa mwinuko, ila soma mara kadhaa mahali pamoja uchukue wastani, maana usomaji mmoja unaweza kupotoka kwa makumi ya mita.

Baki kwenye vihamba. Tangu 2005 msitu ulio juu ya mashamba umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na utafiti humo unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pamoja na taratibu za TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Kwa klabu ya shule hiyo ni safari ndefu. Vihamba vinakutosha, na ndiko majibu yanakohitajika zaidi.

Usiende shambani kabla hujaketi na mwenye kihamba. Kama ni mzee au mama wa makamo, anza na shikamoo na habari za nyumbani, eleza utafukia nini na kwa muda gani, kisha uliza historia ya eneo: samadi iliwekwa lini, mbolea ya dukani je, miti ya kivuli ilikatwa lini. Majibu hayo ni data kama data nyingine, yaandike. Mjulishe pia mtendaji wa kijiji.

Katika kila kihamba tafuta vipande viwili vinavyokaribiana: kimoja chini ya kivuli cha mringaringa au grevilea chenye matandazo mazito ya majani ya migomba, kingine kilicho wazi. Bila jozi hii utabaki kulinganisha mwinuko na mwinuko tu, na jambo muhimu kuliko yote litakupita.

Hatua ya 2: Vifaa

Unahitaji chai ya kijani na chai ya rooibos (chai nyekundu ya mmea wa Afrika Kusini), zote za vifuko vya kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo, kwani vya karatasi huoza. Kila kipande cha ardhi kipate vifuko vitano vya kila aina. Kwa vituo vinne vyenye vipande viwili, hiyo ni 40 vya kijani na 40 vya rooibos kwa kila awamu ya kufukia, mbali na vichache vya ziada vya kupimia. Nunua vyote vya chapa moja na kwa mara moja, kwa sababu viwanda hubadilisha kitambaa cha vifuko na matokeo hubadilika nacho.

Ongeza mizani ya kielektroniki inayosoma gramu 0.01, kama zile za masonara, kipimajoto cha udongo, oveni, rula, koleo ndogo, brashi laini, vijiti vya kuweka alama, na penseli.

Kwa nini aina mbili za chai? Chai ya kijani ina vitu vingi vinavyoozeka haraka, rooibos ina vigumu zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walichapisha njia ya kutumia hizo mbili pamoja, na kwa kuzifukia mara moja tu unapata namba mbili: kasi ya uozaji (k), na sehemu ya chakula ambayo badala ya kuoza imetulia udongoni (S). Faida kubwa ni kwamba chakula ni kilekile kila mahali. Ukitumia majani ya migomba huku na ya mikaratusi kule, hutajua kama umepima udongo au umepima majani.

Hatua ya 3: Pima na fukia

Kausha vifuko kwa nyuzi 70 kwa saa 48, kisha pima kila kimoja. Fungua vichache vya ziada, mwaga chai, pima kifuko kitupu pamoja na uzi na lebo yake, upate wastani wa kutoa. Andika namba ya kifuko kwenye lebo kwa penseli.

Chimba shimo la kina cha sentimita 8. Pima kwa rula, usikisie, kwa sababu sentimita tatu tu juu au chini hubadilisha joto la mchana. Weka kijani na rooibos kwenye mashimo tofauti yaliyoachana sentimita 15 hivi, rudisha udongo uleule, bonyeza kwa kiganja, acha lebo ichungulie nje, simika kijiti. Chora ramani ndogo ukianzia shina la mti unaotambulika, kwa kuwa vijiti hung'olewa na watoto na mbuzi.

Muda ni siku 90. Napendelea kufanya awamu mbili: moja ianze Machi masika inapoingia, nyingine ianze Julai katika ukavu na baridi ya kipupwe. Ukipima masika peke yake, kituo cha chini kitaonekana kina afya kuliko kilivyo.

Hatua ya 4: Joto na unyevu

Kila wiki, katika kila kipande, soma joto kwa kina cha sentimita 8 alfajiri na tena saa nane mchana. Si ajabu kukuta kwamba saa nane mchana udongo ulio wazi umezidi ule wenye matandazo kwa nyuzi kadhaa, pengine sawa na tofauti kati ya kituo na kituo. Hapo ndipo penye kiini cha kazi hii: kivuli na matandazo vinaweza kumpa mkulima wa mita 1,200 udongo wenye joto la mita 1,500 au zaidi, bila kuhama.

Kwa unyevu, chukua kiganja cha udongo wa kina hichohicho, ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, upime ukiwa mbichi, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Uzito uliopungua ugawe kwa uzito mkavu. Udongo wa majivu ya volkano hubeba maji mengi mno, basi usishtuke ukikuta maji yanakaribia uzito wa udongo wenyewe.

Hatua ya 5: Fukua na kausha

Fukua taratibu kwa vidole, usivute uzi. Kifuko kilichokaa miezi mitatu chini ya migomba hutoka kimeshikwa na mizizi myembamba ya kahawa iliyopenya matundu, na ukikielekeza kwenye mwanga utaona utando mweupe wa kuvu umeunganisha chai na udongo. Kinanukia kama ardhi baada ya mvua. Harufu hiyo hutengenezwa na bakteria wa kundi la Streptomyces, waozeshaji mboji wakubwa.

Ondoa mizizi kwa uangalifu, kausha kwa nyuzi 70 kwa saa 48, kisha piga brashi. Usioshe kwa maji, utapoteza chai iliyobaki. Kifuko kilichotoboka kitupe na uandike sababu. Kwenye vituo vya chini mchwa ni tatizo la kweli, na idadi ya vifuko walivyotoboa nayo ihifadhi.

Hatua ya 6: Hesabu

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Chai ya kijani ilianza gramu 1.80, imebaki 0.72. Iliyooza ni 1.08, yaani 0.60 ya ile ya mwanzo. Sehemu ya chai ya kijani inayoweza kuoza ni 0.842, kwa hiyo S = 1 − (0.60 ÷ 0.842) = 0.287.

Kwa rooibos sehemu hiyo ni 0.552. Izidishe kwa (1 − S): 0.552 × 0.713 = 0.393. Hiyo ndiyo sehemu ya rooibos inayotarajiwa kuoza kwenye udongo huo. Sasa rooibos ilianza gramu 2.00, imebaki 1.40, yaani 0.70. Toa sehemu isiyooza, 1 − 0.393 = 0.607, inabaki 0.093. Gawa kwa 0.393, upate 0.237. Bonyeza kitufe cha ln kwenye kikokotoo: −1.44. Ondoa alama ya kutoa, gawa kwa siku 90, na k ni 0.016 kwa siku.

k kubwa maana yake vijidudu vina kasi. S kubwa maana yake sehemu kubwa ya chakula imetulia udongoni badala ya kupumuliwa. Kwa kaboni ya udongo, S mara nyingi ina habari nzito kuliko k, nayo ndiyo watu husahau kuiripoti.

Hatua ya 7: Pima pumzi ya udongo kwenye chupa

Hii ni kwa shule au chuo chenye maabara ya kemia, na mwalimu awepo. Sodiamu haidroksaidi huunguza ngozi na macho, na bariamu kloraidi ni sumu. Vaeni glovu na miwani, na mabaki yasimwagwe kwenye mfongo (mfereji wa maji ya mashamba) wala sinki. Yakusanywe kwenye chombo chenye lebo.

Chekecha udongo kwa wavu wa milimita 2. Uloweshe mpaka ukiubana mkononi unashikana bila kutoa maji. Kisha uache siku tano ukiwa umefunikwa kwa ulegevu. Usiruke subira hii, maana kuchekecha na kulowesha huamsha vijidudu kwa namna aliyoieleza Birch, na ukipima siku hiyohiyo utapima mshtuko.

Weka gramu 50 kwenye chupa ya kioo ya lita moja, ndani yake simamisha kikombe kidogo chenye mililita 20 za sodiamu haidroksaidi ya 0.5 M, funga kabisa. Andaa chupa tatu zikae karibu na nyuzi 15, tatu karibu na nyuzi 25, na kila kundi liwe na chupa moja isiyo na udongo. Friji ya kawaida ina baridi mno, hivyo tumia kasha la kuhifadhia barafu lenye chupa ya maji ya baridi unayoibadilisha asubuhi na jioni, na uandike joto halisi kila mara.

Baada ya siku 7, ongeza kwenye kikombe mililita 5 za bariamu kloraidi ya 1 M, weka matone ya fenolifthalini, kisha fanya titresheni kwa asidi haidrokloriki ya 0.5 M mpaka rangi ya waridi ipotee. Kila mililita moja ya asidi iliyopungua kulinganisha na chupa tupu ni miligramu 11 za hewa ya ukaa. Mfano: chupa tupu imetumia 19.2, ya nyuzi 15 imetumia 17.2, ya nyuzi 25 imetumia 14.8. Pumzi ni miligramu 22 na 48.4. Kwa kuwa tofauti ya joto ni nyuzi 10 kamili, Q10 ni 48.4 ÷ 22 = 2.2. Tofauti ikiwa nyingine, chukua uwiano huo, uupandishe kwa kipeo cha 10 ÷ tofauti ya joto. Kulinganisha kituo na kituo, gawa pia kwa uzito mkavu wa udongo.

Linganisha Q10 ya kituo cha juu na ya chini. Ikiwa ya juu ni kubwa, udongo wa juu ndio utakaojibu kwa nguvu zaidi joto likipanda.

Kwa nini chupa, na si kuhamisha udongo kama Peru? Kwa sababu udongo wa kihamba unaweza kubeba vimelea vya mnyauko wa migomba na minyoo fundo. Kubeba udongo kutoka shamba moja kwenda jingine ni kumpelekea jirani ugonjwa usiotibika. Hata koleo na viatu visafishwe kabla ya kwenda kituo kingine.

Hatua ya 8: Soma matokeo bila kujidanganya

Kosa kubwa ni kulipa joto sifa zote. Mvua nayo hubadilika na mwinuko, kwa hiyo weka k, S, joto na unyevu kwenye jedwali moja, kisha uangalie kwanza tofauti ndani ya kihamba kimoja, kati ya kivuli na wazi. Ukiona kwamba kwenye kituo cha chini, wakati wa ukavu, k iko juu zaidi chini ya matandazo japo udongo wake una ubaridi, umejua kuwa hapo maji ndiyo yanayoamua. Kwenye kituo cha juu picha inaweza kugeuka.

Kumbuka pia kwamba mvua kubwa huosha sehemu ya chai ya kijani bila msaada wa kijidudu chochote. Loweka vifuko vichache kwenye maji kwa siku moja, vikaushe na kuvipima, upate makisio ya kiasi kilichooshwa.

Na usitangaze hukumu kwa msimu mmoja. Harvard wasingeona mabadiliko ya vijidudu kama wangeacha baada ya miaka mitatu.

Hatua ya 9: Rudisha majibu, hifadhi udongo

Kila mwenye kihamba apate karatasi yenye namba za shamba lake, imeelezwa kwa maneno: udongo wazi ulifika joto gani mchana, wenye matandazo ulifika gani, na wapi majani yalioza kwa kasi. Anayefikiria kukata miti ya kivuli ili kupanda mahindi anastahili kuziona kabla hajaamua.

Mwisho, kutoka kila kipande kausha kivulini gramu 100 za udongo na uzifunge. Maabara ya kupima kaboni au vinasaba vya vijidudu ikipatikana baadaye, sampuli ya mwanzo itakuwepo, ila kwa vinasaba ni bora ihifadhiwe kwenye friza tangu siku ya kwanza. Andika juu ya kila mfuko mwinuko, tarehe, kina na jina la kituo kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika unyevu ukiingia.